Kasiba na Jicho: Uteuzi wa Kifaa cha Kulinganishia Darubini ya Bunduki

Utangulizi

Kurasa za majarida yetu ya Kiswahili hujaa mijadala kuhusu istilahi za isimu, za fasihi na, siku hizi, za tarakilishi. Si kawaida kukuta humo makala yanayozungumzia vyuma na skrubu. Huenda sababu ni kwamba sisi tuliosomea lugha huamini kuwa mambo ya ufundi yana wenyewe. Imani hiyo ina gharama. Kijitabu cha maelekezo kinachofungashwa pamoja na kifaa kutoka ng'ambo aghalabu huandikwa kwa Kiingereza na lugha nyingine za Ulaya, na siku kinapohitajika kwa Kiswahili, kazi humwangukia mhitimu wa idara kama yetu ambaye pengine hajapata kukiona kifaa chenyewe. Akikosea neno katika kijitabu cha redio, redio haitalia. Akikosea katika kijitabu cha bunduki, mtutu unaweza kupasuka karibu na uso wa mtu.

Makala haya yanaeleza namna ya kuteua kifaa kimoja kidogo: kile kinachotumiwa kuilinganisha darubini na kasiba ya bunduki wakati darubini hiyo inaporejeshwa mahali pake baada ya kufunguliwa. Mifano yangu mingi nimeitoa katika bunduki za uwindaji za Marekani, kwa kuwa huko ndiko soko kubwa la vifaa hivi liliko. Nchini Kenya uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, na anayemiliki bunduki kwa halali humiliki chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114. Hata hivyo jirani zetu wa Tanzania bado wanaruhusu uwindaji wa leseni, na wageni huteremka kwenye viwanja vya ndege vya huko na bunduki zao ndani ya masanduku, baadhi darubini zikiwa zimefunguliwa, nyingine zikiwa zimegongwa njiani. Mfuatilia nyayo na mpagazi wanaomhudumia mgeni huyo ni wasemaji wa Kiswahili. Mada hii basi haiko mbali na lugha yetu kama inavyodhaniwa.

Mistari miwili isiyo sambamba

Kabla ya kuzungumzia kifaa hatuna budi kukubaliana juu ya maneno machache. Kamusi zetu huelekea kuyachukua maneno mtutu na kasiba kuwa visawe. Katika makala haya nitayatenganisha: mtutu ni bomba zima la chuma, na kasiba ni uwazi wa ndani ambamo risasi hupita. Utenganisho huu si wa kiholela, kwani kasiba linatokana na neno la Kiarabu lenye maana ya tete au mwanzi, yaani kitu chenye uwazi ndani. Mdomo ni pale risasi inapotokea. Chumba ni pale nyuma inapowekwa. Komeo ni kile kipande kinachosukumwa mbele na kurudishwa nyuma ili kukifunga na kukifungua chumba, kama komeo la mlango linavyofanya. Darubini, neno tulilolipata kutoka Kiajemi, ni ile bomba yenye lenzi inayofungwa juu ya bunduki kwa pete mbili, na ndani yake mna alama ya msalaba ambayo mpigaji huiweka juu ya kile anachokilenga.

Sasa tatizo. Jicho la mpigaji hupita katika darubini, nayo risasi hupita katika kasiba. Hizi ni njia mbili tofauti. Darubini hukaa takriban sentimita 4 juu ya mhimili wa kasiba, na mstari wa jicho umenyooka daima, ilhali risasi huanza kuanguka mara tu inapotoka mdomoni. Tuchukue risasi ya kawaida ya milimita 7.62 inayosafiri kwa wastani wa mita 800 kwa sekunde katika mita 100 za mwanzo. Itazimaliza mita hizo kwa sehemu ya nane ya sekunde, na katika muda huo mvutano wa ardhi utakuwa umeishusha kwa sentimita 7 hadi 8. Kwa hiyo, ili risasi ikutane na msalaba kwenye mita 100, kasiba lazima ielekezwe juu kidogo ikilinganishwa na darubini. Iwapo mistari hii miwili ingekuwa sambamba kabisa, risasi ingegonga sentimita 11 au 12 chini ya mahali panapolengwa.

Pembe inayotakiwa ni ndogo sana. Mafundi hupima pembe hizi kwa dakika, ambapo dakika moja ni sehemu ya 60 ya nyuzi moja. Kwenye mita 100 dakika moja ni sawa na milimita 29 hivi. Vigurudumu viwili vilivyo juu na ubavuni mwa darubini huzungushwa kwa hatua ndogondogo, na kila hatua hutoa mlio unaosikika na kuhisika kidoleni. Katika darubini nyingi za Marekani mlio mmoja ni robo ya dakika, yaani milimita 7 kwenye mita 100. Katika nyingi za Ulaya ni milimita 10.

Darubini inapofunguliwa na kurejeshwa, mambo haya yote huvurugika. Pete haziketi mahali palepale hasa. Skrubu hukazwa kwa nguvu tofauti na ya awali. Kosa la unene wa karatasi chini ya pete moja hutosha kuihamisha risasi kwa sentimita kadhaa. Mwindaji anayepuuza jambo hili hujikuta uwanjani akipiga risasi baada ya risasi kwenye ubao wa shabaha bila kuona tundu hata moja, asijue kama zinapita juu, chini au ubavuni. Huko ni kupoteza risasi na fedha. Jambo zito zaidi ni mnyama. Risasi iliyokengeuka kwa sentimita 15 haimkosi paa. Humvunja taya au humpasua tumbo, naye hukimbia na kufa polepole mahali asipoonekana. Katika uwindaji wa kulipia wa mashariki na kusini mwa Afrika ni desturi iliyoenea kwamba mnyama aliyejeruhiwa akapotea huhesabiwa kana kwamba ameuawa, na mwindaji hulipa. Nadhani desturi hiyo ni ya haki.

Kifaa cha kulinganishia, ambacho kuanzia hapa nitakiita kilinganishi, huingia katika pengo hili. Kazi yake ni moja tu: kuonyesha kasiba inaelekea wapi ili msalaba wa darubini uelekezwe karibu na hapo kabla ya risasi yoyote kupigwa. Kumbuka neno karibu. Nitalirudia.

Je, unakihitaji?

Hili ni swali la kwanza, ingawa wauzaji hawapendi liulizwe. Mwenye bunduki ya komeo, kama vile Mauser 98 ya Ujerumani ambayo muundo wake ulianza kutumika mwaka 1898, au Winchester Model 70 na Remington 700 za Marekani, tayari anacho kilinganishi. Ni jicho lake. Hukagua kwanza kwamba bunduki haina risasi, kisha hulichomoa komeo lote kwa nyuma na kuilaza bunduki juu ya mifuko ya mchanga isiyotikisika. Huchungulia ndani ya kasiba kutoka nyuma na kuisogeza bunduki hadi duara jeusi lililobandikwa mita 25 au 50 mbele lionekane katikati kabisa ya mdomo. Jicho la binadamu lina kipawa cha ajabu cha kutambua kitovu cha duara ndani ya duara. Baada ya hapo, bila kuigusa bunduki, huangalia ndani ya darubini na kuzungusha vigurudumu hadi msalaba uketi juu ya lile duara jeusi.

Hapa kuna mtego ambao umewahangaisha wengi, na kwa mwanafunzi wa lugha ni mtego wa kuvutia. Kwenye vigurudumu kumechorwa mshale na neno linalomaanisha juu, na mwingine wenye herufi ya kulia. Juu, lakini ni nini kinachokwenda juu? Mshale unaieleza risasi. Unamwambia mpigaji kwamba akizungusha upande huo, risasi itagonga juu zaidi. Lakini anayelinganisha kwa jicho hapigi risasi. Anausogeza msalaba, na msalaba huenda kinyume cha mshale. Msalaba ukionekana juu na kulia kwa lile duara, atazungusha kuelekea juu na kulia, nao utashuka na kwenda kushoto. Mtafsiri atakayeandika neno juu peke yake amekifasiri kigurudumu na kumpotosha mtumiaji. Katika sentensi ya Kiswahili ni vigumu kukikwepa kiambishi cha nafsi au cha ngeli, nasi tukitumie: risasi itapanda, msalaba utashuka.

Njia hii ya jicho haihitaji betri wala senti moja, na kwa maoni yangu mwenye bunduki ya komeo asinunue chochote kabla ya kuijaribu. Upungufu wake ni wa aina mbili. Kwanza, haiwezekani katika bunduki nyingi ambazo nyuma ya chumba chake kumezibwa na chuma: bunduki nyingi za wenzo, kama ile maarufu ya Winchester ya mwaka 1894, na bunduki nyingi za uwindaji zinazojikoki zenyewe. Zile za aina ya AR-15, ambazo hufunguka vipande viwili, zinaruhusu. Pili, njia ya jicho haina kumbukumbu. Inaeleza kasiba inaelekea wapi leo. Haiwezi kueleza msalaba ulikuwa wapi jana, kabla darubini haijafunguliwa. Upungufu huu wa pili ndio hasa unaomhusu anayerejesha darubini, na ndio unaonifanya niipe kolimeta nafasi kubwa kuliko leza katika makala haya.

Kolimeta na faida ya kukumbuka

Kolimeta ni kisanduku kidogo chenye lenzi. Ndani yake mna kioo kilichochorwa miraba midogomidogo kama karatasi ya hesabu. Kifaa hushikiliwa mbele ya darubini kwa kijiti cha chuma kinachochomekwa mdomoni mwa mtutu, au, katika miundo mingine, kwa sumaku inayong'ang'ania uso wa mdomo bila kuingia ndani. Lenzi huifanya miale itoke ikiwa sambamba, kwa hiyo jicho huiona miraba kana kwamba iko mbali sana. Matokeo yake ni kwamba hapahitajiki uwanja. Kazi inaweza kufanywa mezani, chumbani, usiku, mvua ikinyesha.

Namna ya kukitumia katika kurejesha darubini ni rahisi, ila sharti ianze kabla darubini haijafunguliwa. Bunduki iliyokwisha kuthibitishwa uwanjani, ambayo mwenyewe anajua kwamba inagonga pale inapolengwa, huchomekwa kolimeta. Mwenyewe huangalia katika darubini na kuandika msalaba umeangukia wapi kwenye miraba: tuseme miraba miwili kushoto na mmoja juu ya kitovu. Huandika pia ametumia kijiti kipi. Kisha anaweza kuifungua darubini, kuipeleka kwa fundi, kuiweka sandukuni na kusafiri nayo. Akiirejesha, huchomeka kijiti kilekile kwa namna ileile, huangalia, na kuzungusha vigurudumu hadi msalaba urudi miraba miwili kushoto na mmoja juu. Kosa lolote lililomo katika kolimeta yenyewe, hata kama kijiti chake kimepinda kidogo, lilikuwemo mara ya kwanza na limo mara ya pili, kwa hiyo linajifuta. Leza na jicho tupu havina urahisi huu.

Zaidi ya hayo, kumbukumbu hiyo inafaa hata pale ambapo darubini ya zamani imevunjika na kubadilishwa. Kinachoandikwa ni pembe kati ya kasiba na mstari wa jicho, na pembe hiyo haibadiliki sana kwa darubini mpya. Ikiwa mpya imekaa sentimita moja juu zaidi ya ya zamani, tofauti itakuwa karibu sentimita hiyo moja kwenye mita 100. Huo ni umbali mdogo usioweza kuzifanya risasi za kwanza zikose ubao.

Anayenunua kolimeta azingatie vijiti. Vijiti hupimwa kwa kipenyo cha kasiba, si kwa jina la risasi, na hapa majina huwachanganya hata wenyeji wa mambo haya. Risasi zinazoitwa .308 Winchester, .30-06 na .300 Winchester Magnum hutofautiana kwa urefu wa ganda na wingi wa baruti, lakini vyuma vinavyorushwa vina kipenyo kimoja cha milimita 7.82, kijiti kimoja huzitosha zote. Kijiti kinachotanuka ili kitoshee vipenyo vingi ni cha gharama nafuu zaidi kuliko seti nzima, ila huchakaa, na kikishalegea hakirudi mahali palepale, jambo linaloiua faida ya kumbukumbu niliyoieleza. Ningechagua kijiti cha kipenyo kimoja. Aidha kisukumwe polepole. Ukingo wa mdomo ndio sehemu ya mwisho kuigusa risasi, na mkwaruzo mdogo pale huharibu unyofu wa bunduki kwa maisha yake yote. Kwa sababu hii wapo wanaopendelea ile ya sumaku.

Kolimeta ina mipaka. Darubini iliyofungwa juu sana haiwezi kuiona miraba yote. Mtutu wenye kifaa cha kupunguza mtikiso kilichofungwa mdomoni huenda usikipokee kijiti sawasawa, na sumaku nayo haitapata uso bapa wa kung'ang'ania. Mwenye bunduki ya namna hiyo atazame upande wa leza.

Leza

Leza imependwa kwa sababu inaonekana. Mtu huona nukta ya mwanga ukutani na kuamini kwamba pale ndipo risasi itakapogonga. Imani hii ni ya uongo, kama tulivyoona katika hesabu ya sentimita 4 na sentimita 7, lakini si ya uongo sana kiasi cha kukifanya kifaa kisifae. Tufanye hesabu. Mtu akiweka nukta ya leza na msalaba mahali pamoja kwenye mita 25, mstari wa kasiba utakuwa umepanda sentimita 4 katika mita hizo 25. Kufikia mita 100 utakuwa sentimita 12 juu ya mstari wa jicho. Ukiondoa sentimita 7 au 8 za kuanguka, risasi itagonga sentimita 4 au 5 juu ya msalaba. Hiyo ni karibu, na ni ndani ya ubao. Anayetaka usahihi zaidi aiache nukta sentimita moja chini ya msalaba kwenye mita 25.

Leza zimegawanyika makundi mawili, na tofauti kati yake ni ya usalama kabla ya kuwa ya usahihi. Kundi la kwanza lina umbo la risasi na huingizwa chumbani kama risasi yenyewe. Kila aina ya risasi ina leza yake, na mwenye bunduki tatu huenda akahitaji leza tatu. Lakini ikiwa chumbani, hakuna risasi halisi inayoweza kuingia. Kundi la pili huchomekwa mdomoni kwa kijiti chenye mpira au pete zinazotanuka, na moja hutosha bunduki nyingi. Mdomo umezibwa, chumba kiko wazi. Mtu anaweza kuitia bunduki risasi na kuifyatua huku chuma kikiwa mdomoni. Gesi ya baruti ikikosa njia hutafuta nyingine, na mtutu hupasuka. Hatari hiihii imo katika kolimeta ya kijiti, ila kolimeta ni kubwa, imesimama mbele ya darubini na kuziba macho. Ni vigumu kuisahau. Leza ya mdomoni ni ndogo na betri yake ikiisha haionyeshi chochote. Kwa mtu anayefanya kazi peke yake jioni, akiwa amechoka na safari, ningependekeza leza ya chumbani hata kama ina gharama kubwa zaidi.

Usahihi wa leza ya chumbani hupimwa kwa jaribio ambalo mnunuzi yeyote anaweza kulifanya. Bunduki ikiwa imelala imara, leza huingizwa chumbani na nukta yake huwekwa alama kwenye karatasi iliyo mita 25. Kisha leza hutolewa, hugeuzwa robo ya mzunguko na kuingizwa tena, mara nne. Nukta nne zikiangukia mahali pamoja, kifaa kimenyooka. Zikichora duara, leza imekaa upande ndani ya ganda lake. Kitovu cha duara hilo ndicho mwelekeo wa kweli wa kasiba, na mwenye subira anaweza kukitumia kifaa kibovu na kupata jibu zuri. Duara likiwa pana, akirudishe dukani.

Rangi nayo ina maana. Leza nyekundu nyingi zina urefu wa mawimbi wa nanomita 635 hadi 650, na juani nukta yake hufifia mno, hata kwenye mita 25. Jicho letu mchana huona vizuri zaidi karibu na nanomita 555, ndiyo maana leza ya kijani ya nanomita 532 huonekana kuwa kali zaidi kwa nguvu ileile. Anayefanya kazi alfajiri au machweo hana haja ya kuigharamia. Rangi yoyote iwayo, mwanga wake usielekezwe machoni mwa mtu wala mnyama, wala usielekezwe kwenye kioo.

Mambo ambayo kilinganishi hakiyajui

Hakuna kilinganishi kinachojua uzito wa risasi itakayotumika. Risasi ya gramu 9.7 na ya gramu 11.7 zikipigwa kutoka bunduki moja hugonga mahali tofauti, kwa kuwa kasi yake ni tofauti na mtutu hutetemeka kwa namna tofauti zinapopita. Kilinganishi hakijui pia kama skrubu zimelegea. Kwa hakika kazi ya kurejesha darubini huharibika zaidi kwenye skrubu kuliko kwenye kifaa. Nyuzi za skrubu zifutwe mafuta, pete zikazwe kwa zamu, na mkazo upimwe kwa spana maalumu kwa kufuata maelekezo ya mtengenezaji. Kwa skrubu za pete mara nyingi ni takriban nyutoni-mita 2, nguvu ndogo kuliko mkono wa fundi wa magari unavyotamani. Fundi akikaza kupita kiasi, bomba la darubini hubonyea, na hakuna leza itakayolinyoosha.

Baada ya hapo ndipo huja uwanja. Risasi ya kwanza hupigwa kwenye mita 25, kilinganishi kikiwa kimekwisha kuondolewa na kasiba imechunguliwa. Ikigonga sentimita moja au mbili chini ya msalaba, yote ni sawa. Ikiwa mbali, vigurudumu huzungushwa, na hapa ikumbukwe kwamba mlio uliokuwa na thamani ya milimita 7 kwenye mita 100 hauzidi milimita 2 kwenye mita 25, hivyo itahitajika milio mara nne. Kisha hupigwa risasi tatu kwenye mita 100 na kutazamwa kitovu cha matundu yote matatu, si tundu moja lililopendeza. Kitovu kikiwa sentimita 9 chini, milimita 90 zikigawanywa kwa 7 ni milio 12 au 13 kuelekea juu. Risasi nyingine tatu huthibitisha.

Suala la maneno mawili

Kazi mbili nilizozieleza, ile ya mezani na ile ya uwanjani, zina majina mawili tofauti katika Kiingereza. Jina la pili hutokana na neno lenye maana ya sifuri, na tafsiri sisisi ya hilo haitaeleweka na msemaji yeyote wa Kiswahili. Nimesikia kazi zote mbili zikiitwa kwa mkato kurekebisha shabaha. Sioni kwamba hili ni suala la upendeleo wa mitindo. Neno shabaha lenyewe tayari lina mzigo: ni kitu kinacholengwa, ni kusudi la mtu, na ni ustadi wa mpigaji, kama tunaposema kwamba fulani ana shabaha. Tukiliongezea maana mbili zaidi, msomaji wa kijitabu ataambiwa kwamba kifaa kinarekebisha shabaha, atakitumia chumbani kwake, ataamini kwamba shabaha imerekebishwa, na asubuhi ataingia porini.

Napendekeza kazi ya mezani iitwe kulinganisha, na kifaa chake kilinganishi cha kasiba. Kuna watakaosema kwamba kilinganishi linakaribiana mno na istilahi za sarufi kuhusu ulinganisho. Sidhani kama mwindaji atachanganyikiwa, na mwanasarufi ana muktadha wa kumwokoa. Kazi ya uwanjani iitwe kuthibitisha, kwa sababu uthibitisho huhitaji ushahidi, na ushahidi hapa ni tundu kwenye karatasi. Bunduki iliyolinganishwa haijathibitishwa. Sentensi hiyo inaeleweka hata kwa asiyejua chochote kuhusu darubini, na ningependa kuiona imechapishwa kwenye kifuniko cha kila kijitabu.

Limebaki onyo la kuzibwa kwa mdomo. Vijitabu vingi huagiza kifaa kiondolewe kabla ya kufyatua. Mtafsiri mwaminifu ataandika hivyohivyo, nami ningemshauri asiwe mwaminifu kiasi hicho. Kati ya kutia risasi na kufyatua pana nafasi ya mtu kuitwa, kuinuka, kurudi na kusahau. Aandike: ondoa kilinganishi mdomoni, chungulia kasiba, ndipo utie risasi.